Ni Huyu?

Mama yule alifika dukani kabla ya adhuhuri, akaacha ndara zake mlangoni kama kawaida yake, akaomba kilo mbili za sukari na pakiti mbili za unga wa ngano. Abti akanitazama. Nikavuta laptopu, nikateremka na vitufe vya mishale hadi kwenye jina lake, na mstari ukageuka buluu. Shilingi 4,350, zaidi ya miezi mitatu.

"Eeddo, lile deni bado," Abti akamwambia.

"Nilikulipa Jumatatu," akasema. "Nilikupa mkononi."

Abti akanitazama tena. Mimi nikatazama jedwali. Nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe, wiki sita, usiku baada ya usiku, na nilikuwa naliamini kuliko nilivyoamini watu. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto: "Hapa haionyeshi."

Hakubishana. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale, na Sangailu ukidaiwa mbele ya watu watatu, kufikia jioni wamejua wote. Akajitanda shali yake vizuri, akavaa ndara, akaondoka bila sukari na bila unga. Ilikuwa Septemba 2023. Nilimwona akivuka uwanja ule mweupe wa jua mpaka akapotea nyuma ya miti, kisha nikarudisha macho kwenye skrini. Mstari wake ulikuwa bado buluu.

Nieleze nilifikaje pale.

Sangailu iko kusini mwa kaunti ya Garissa. Ni moja ya wadi nne za eneobunge la Ijara, pamoja na Masalani, Hulugho na Ijara yenyewe. Ukishuka upande wa bahari unakutana na msitu wa Boni, na ukiupita msitu uko Lamu. Nairobi nikitaja Kaskazini Mashariki, watu wanaona mchanga na ngamia. Lakini Ijara ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe hana subira ya ngamia. Nyasi zikiisha, yeye ndiye wa kwanza kulala chini.

Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kufikia mwanzo wa 2023, nchi nzima ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wa kwetu walikuwa ndani ya hesabu hiyo. Ada yangu ya chuo ilikuwa na pembe nne na miguu minane: kila muhula, ng'ombe wawili. Walipokwisha ng'ombe, na chuo kikaisha.

Nakumbuka siku yenyewe. Karatasi ilibandikwa ukutani, orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Nikapitisha kidole kutoka juu hadi chini, nikarudia, nikaenda karatasi ya pili. Nilikuwa mwaka wa pili wa teknolojia ya habari, kwa hiyo nilijua kilichotokea bila kuambiwa. Mahali fulani mtu alikuwa na jedwali, akachagua mistari yote yenye salio, akabonyeza kitufe. Hakunijua, na hakuhitaji kunijua.

Nikaishi Garissa mjini mwaka mmoja nikiandika makala za kulipwa kwa kipande, mengi yakiwa maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuziona. Kisha mama akaniambia niende nikamsaidie kaka yake dukani. Kwa Kisomali mjomba na mpwa wanaitana jina moja: mimi namwita abti, naye ananiita abti. Ukisimama nje ya duka ukasikia "abti, lete ile", hujui nani anamtuma nani.

Duka la abti ni duka la kawaida: mchele, sukari, pasta, mafuta, majani, betri za tochi. Cha maana mle ndani kilikuwa kaunta buku, jeusi, jalada gumu, mgongo mwekundu. Mfugaji hana mshahara. Mali yake inatembea. Anachukua chakula leo, atalipa siku akiuza mbuzi. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na ukurasa wake, na juu ya ukurasa hakukuwa na jina tu. Kulikuwa na jina la utani, jina la mama, wakati mwingine alama ya mifugo yao iliyochorwa kwa kalamu. Mtu akimaliza kulipa, abti alipiga mstari wa mshazari ukurasa mzima. Na alikuwa anafungua ukurasa sahihi kwa kidole gumba, bila kutafuta.

Kitu kimoja kilimshinda: jumla. Mwenye duka la jumla Garissa naye alikuwa anamdai, na kila akipiga simu alikuwa na swali moja, "Wewe watu wanakudai ngapi?" Abti alikuwa anakaa na kikokotoo kurasa kwa kurasa mpaka Isha, na kila akirudia anapata jibu tofauti.

"Abti," akaniambia, "si wewe ulisomea kompyuta?"

Nikasema nimesomea nusu.

"Basi nitengenezee nusu."

Watu wa mjini wataniuliza kwa nini sikumpa programu ya simu. Sababu ni kwamba upande wetu mtandao unakuja na kuondoka. Milingoti ya simu Kaskazini Mashariki imeshambuliwa na al-Shabaab mara nyingi, na hata pasipo shambulio, siku mawimbi yakipotea hakuna wa kumuuliza. Nilitaka kitu kinachokaa ndani ya mashine, kisichoomba ruhusa kwa mtu aliye mbali. Laptopu yangu ilikuwa kuukuu, betri imekufa, inaishi kwa sola ya duka. Lakini ilikuwa na Python, na Python huja na Tkinter ndani yake, hulipii, hupakui. Tkinter nayo imesimama juu ya Tk, kazi ya John Ousterhout aliyoianza alipokuwa akifundisha chuo kikuu cha California pale Berkeley. Madeni ningeyaweka kwenye SQLite, ambayo ni faili moja tu. Nyaraka za Python nilikuwa nimezipakua zote nikiwa Garissa. Zilikuwa mwalimu wangu wa pekee.

Jedwali lenyewe ni wijeti inayoitwa Treeview. Kulichora si kazi. Unataja safu unazotaka, mimi nilitaja jina, simu, deni na tarehe, unalimiminia data, linatokea. Siku ya kwanza nilimwita abti aje aone. Akatazama, akasema, "Hii si karatasi tu?"

Alikuwa na haki. Jedwali lisilochagulika ni karatasi yenye mwanga. Linakuwa kitu kingine siku unapogusa mstari ukabadilika rangi, kwa sababu hapo programu imeanza kujiuliza swali: nani amechaguliwa? Vitufe vyote vingine, "Ongeza deni", "Amelipa", "Futa", vinasubiri jibu la swali hilo. Jibu likikosewa, vyote vinafanya kazi yao vizuri kabisa juu ya mtu asiye yeye.

Nilipoanza sikuwaza hivyo. Niliwaza vitu vidogo. Treeview inakuuliza kama unataka mtu achague mistari mingi au mmoja. Nikachagua mmoja, niliogopa abti asije akafuta madeni ya ukoo mzima kwa kubonyeza mara moja. Urefu wa mstari kwa kawaida ni nukta 20, na macho ya abti ni ya miaka sitini, nikafanya 40. Kidude cha kugusa cha laptopu kilikataa kabisa vidole vyake vikavu, nikamfundisha vitufe vya mishale: juu, chini, mstari wa buluu unapanda na kushuka. Alifurahi sana. Akaanza kuwapandia na kuwashukia wateja bila sababu.

Kisha nikagundua namba za simu zimepoteza sifuri. Niliingiza 07, nikisoma kutoka kwenye mstari inarudi 7. Tkinter ikiona maandishi yanayofanana na namba, wakati wa kukurudishia inayageuza namba, na namba haianzi na sifuri. Nikaona ni kituko kidogo, nikabandika kiraka, nikaendelea. Ningekuwa na akili ningesimama hapo. Jedwali lilikuwa limeshaniambia kwamba linachoonyesha na linachokurudishia si lazima viwe kitu kimoja.

Tatizo kubwa, nilidhani, litakuwa majina. Sisi jina letu ni lako, la baba na la babu, na majina tunayopenda ni machache. Duka moja linaweza kuwa na Mohamed Abdi Hassan wanne. Mwanamke akiolewa habadilishi jina, kwa hiyo huwezi kujua kwa jina kwamba huyu na yule wanakula sufuria moja. Wazee walishalitatua hilo kitambo kwa majina ya utani: Dheere ni mrefu, Gurey ni wa mkono wa kushoto, Madobe ni mweusi. Mtu anaitwa hivyo mbele yake na hakasiriki. Nikaongeza safu mbili, la utani na jina la mama, kama zilivyokuwa kwenye kaunta buku. Nikajiona nimeheshimu mila na sayansi kwa pamoja.

Mwishoni mwa Agosti abti akaanza kuniamini. Nilijua kwa sababu aliacha kuandika. Kaunta buku likapanda juu ya rafu, kando ya betri. Na akaniomba kitu kimoja zaidi: akitaka, aone wanaodaiwa pesa nyingi wakija juu. Rahisi, nikamwambia. Ukibofya kichwa cha safu ya deni, mistari inajipanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Ukibofya tena, inageuka. Kazi ya nusu saa, na kesho yake akaanza kuitumia.

Siku tisa baadaye, mama yule akaondoka bila sukari.

Jioni ile abti hakusema mengi. Jumatatu aliyoitaja mama, lori la wanunuzi wa mbuzi lilikuwa limekuja, na watu wanane walilipa ndani ya saa moja. Zamani angewakumbuka wote. "Nilikuachia wewe ukumbuke," akasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilianza na majina. Nikatafuta kama kuna mama mwingine mwenye majina matatu yale yale. Hakuna. Nikafungua kumbukumbu za malipo, na Jumatatu ile, saa tano asubuhi, nikaikuta: shilingi 4,350, imelipwa. Senti kwa senti. Lakini imeandikwa kwa mwanamume mmoja tunayemwita Dheere, ambaye deni lake lilikuwa zaidi ya 9,000 na ambaye hajawahi kuuza mbuzi mwezi ule.

Nikakaa nje, kando ya matangi ya maji. Nataka kukueleza nilichokiona pale kwa mfano wa kitu ambacho mtu wa huku anakijua. Maji yakiwa haba, watu hawapangi foleni wenyewe. Wanapanga mitungi, ile ya njano ya lita 20, moja nyuma ya nyingine, kisha wenyewe wanakaa kivulini. Sasa tuseme mtu amekutuma: "Jaza mtungi wa saba." Umekwenda, umehesabu, umejaza. Lakini kabla hujafika, punda amepita, mitungi imeanguka, watoto wameipanga upya. Wewe umejaza wa saba kweli. Umejaza wa nani?

Hivyo ndivyo programu yangu ilivyokuwa inafanya. Mstari ulipochaguliwa, niliuliza jedwali, "Uko nafasi ya ngapi?" Likajibu, "Ya saba." Nikaenda kwenye orodha niliyokuwa nimeipakia asubuhi kwa alfabeti, nikamchukua wa saba, nikamwandikia malipo. Kwa wiki nyingi ilikuwa sahihi, kwa sababu jedwali na orodha zilikuwa na mpangilio mmoja. Siku nilipompa abti uwezo wa kupanga kwa deni, mistari ilihama kwenye skrini, orodha haikuhama. Na kila malipo yakishaandikwa, jedwali lilijipakia upya kwa alfabeti, kwa hiyo kosa lilijifunika lenyewe. Abti alichagua mtu sahihi kila mara. Alimwona kwa macho yake, akambonyezea. Programu ikamwendea mwingine.

Wenye mitungi hawana shida hii. Wanafunga kitambaa chekundu, wanapaka rangi, wanachonga herufi kwenye plastiki kwa kisu cha moto. Mtungi upangwe vipi, alama inabaki juu yake. Treeview nayo ina kitu hicho. Unapoingiza mstari unaweza kuupa kitambulisho chake, kinaitwa iid. Usipoupa, unajitungiwa: I001, I002, na kuendelea. Mimi sikuupa. Niliona sehemu hiyo kwenye nyaraka, nikaipita kwa haraka, kwa sababu jedwali lilikuwa tayari linaonekana zuri. Marekebisho yalikuwa mistari mitatu ya msimbo: kila mteja apewe namba yake ya kudumu kutoka kwenye hifadhidata, mstari uibebe kama kitambulisho, na mtu akichaguliwa niulize kitambulisho, si nafasi.

Kosa langu lilikuwa limekatazwa kabla mama yangu hajazaliwa. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM, alichapisha karatasi ambayo hifadhidata nyingi za leo zimejengwa juu yake. Moja ya hoja zake ni kwamba programu isitegemee mpangilio wa mistari. Mistari haina wa kwanza wala wa saba. Kinachoutambulisha mstari ni ufunguo wake tu. Tulifundishwa hilo mwaka wa kwanza. Nilijibu swali lake kwenye mtihani nikapata alama zote.

Usiku ule niliwaza pia habari ambayo kila nyumba ya Garissa inaijua. Kambi za Dadaab zilianza 1991, ndani ya kaunti yetu. Kwenye miaka ya njaa, Wakenya wengi wa huku walikwenda kujiandikisha kule kama wakimbizi, kwa sababu kule kulikuwa na unga na daktari, na nyumbani hakukuwa na chochote. Wengine walikuwa watoto wachanga mgongoni. Miaka ikapita, mtoto akafika kumi na minane, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa lake. Akaweka vidole kwenye mashine, na mashine ikamleta mstari mwingine: mkimbizi. Vidole ni vyake. Ni yeye kabisa, tena kwa ushahidi usiopingika. Lakini jedwali liliyemjua ni mtoto mwenye njaa wa mwaka fulani, na halikuwa na safu ya kueleza kwa nini. Wapo waliokaa miaka bila kitambulisho, yaani bila laini ya simu kwa jina lao, bila kazi ya kuandikishwa, wakiogopa kila kizuizi cha polisi. Nafasi si mtu, nilikuwa nimejifunza jioni ile. Na hata ufunguo sahihi si mtu. Ni mlango tu wa kumfikia, na lazima awepo wa kuingia na kuuliza.

Asubuhi nikamwambia abti kila kitu. Malipo kumi na manne yalikuwa yamepita tangu niongeze ule upangaji. Nilitumaini mashine ingejisahihisha: kiasi kilikuwa sahihi, saa ilikuwa sahihi, ni mtu tu aliyekosewa. Kama nafasi ni ya saba, basi nirudishe mpangilio wa siku ile nione nani alikuwa wa saba. Lakini sikujua kila mara abti alikuwa amepanga kwa kubwa, kwa ndogo, au hakupanga. Kila malipo yalikuwa na wenyewe hadi watatu. Tisa yalijieleza, kwa sababu kiasi kilifanana na deni la mmoja wao kama la mama yule. Matano yakabaki.

"Hayo tutauliza," abti akasema.

"Na wakidanganya?"

Akanitazama kama nimetukana. "Hawa watu nimewakopesha chakula miaka ishirini. Wangetaka kunidanganya wangesubiri kompyuta yako?"

Tulianza kwa mama. Abti alibeba sukari na unga yeye mwenyewe, mimi nikafuata nyuma na mikono mitupu. Alituketisha kwenye mkeka, akasikiliza msamaha wa abti, akaupokea kwa maneno machache. Kisha akanigeukia mimi.

"Siku ile uliambiwa nimelipa, ukaangalia mashine. Mbona hukuniangalia mimi?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Kwa Dheere ilikuwa ngumu namna nyingine. Shilingi 4,350 zilikuwa zimepungua kwenye deni lake, na siku mbili baada ya lile lori abti alikuwa amemsomea salio jipya. Alikuwa amekaa kimya. Abti alipomweleza, akainamisha kichwa.

"Mimi nilidhani umenisamehe," akasema. "Kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuombea dua."

Njia nzima ya kurudi abti hakusema kitu. Tulipofika dukani akaniambia nilirudishe deni la Dheere kama lilivyokuwa, kwa sababu deni ni deni. Nikaandika. Akasimama nyuma yangu mpaka nikamaliza. "Lakini dua siwezi kumrudishia," akasema, akaenda kupima mchele.

Katika yale matano, manne yalipata wenyewe. La tano lilikuwa shilingi 2,000. Tuliwauliza watu watatu ambao lingeweza kuwa lao, na wote watatu wakasema si langu. Hakuna aliyelitaka. Pesa zipo, zilipokelewa, na mwenye nazo hajulikani. Abti aliniambia nifungue mstari mpya, bila jina. Upo mpaka sasa. Ukipanga kwa alfabeti unakaa juu kabisa, kabla ya watu wote.

Programu nikaitengeneza. Kila mstari una kitambulisho chake. Na kabla ya malipo kuandikwa, kidirisha kinafunguka na jina kamili, la utani, la mama, na kiasi, kwa herufi kubwa, na swali moja: "Ni huyu?" Abti hubonyeza ndiyo baada ya kukisoma kwa sauti. Kaunta buku limeshuka kutoka rafuni pia. Tunaandika kotekote. Ni kazi mara mbili, na mwanzoni iliniuma kama tusi. Siku hizi siioni hivyo.

Kisha abti akaongeza wazo lake mwenyewe: laptopu igeuzwe, skrini imwelekee mteja, aone kwa macho yake anachoandikiwa. Nilikubali mara moja. Niliona ni haki tupu.

Mvua zilikuja Oktoba, za El Niño, kwa hasira ya miaka mitatu. Barabara zikakatika, lori halikufika, rafu zikabaki na chumvi na betri. Ilikuwa Januari 2024 bidhaa zilipoanza kuja tena, na mama yule akaja nazo. Hajui kusoma, lakini aliniambia nimwonyeshe. Nikageuza skrini, nikashuka na mishale, mstari ukawa buluu.

"Mimi ni huyu?"

"Ni wewe, eeddo."

Akaweka kidole juu ya mstari wake, akakaa nacho kidogo. Kisha akakishusha chini polepole, mstari mmoja, mstari wa pili.

"Na huyu anayenifuata? Huyu anadaiwa ngapi?"

Abti alikohoa. Nyuma ya mama kulikuwa na watu wawili, na wote walikuwa wamesogea mbele kutazama. Nikafunga laptopu haraka.

Usiku ule nikakaa tena kando ya matangi. Nikatengeneza dirisha la pili, ambalo ndilo linalomwelekea mteja sasa. Halina jedwali. Lina mstari mmoja tu, wake.